Nimeshikwa na Wivu, au Nimemwonea Wivu?

Msimu wa korosho hapa Nanganga hauna siri. Mnada ukipita na malipo yakiingia, kijiji kizima huona nani ameezeka bati na nani amenunua pikipiki. Ndipo moyo wa jirani huchoma ghafla, hata wa mtu aliyetoka kanisani asubuhi hiyo. Je, mchomo huo tayari ni dhambi?

Lugha hutusaidia kufikiri. Mhispania akiguswa ghafla na mafanikio ya mwenzake husema "me dio envidia", kana kwamba wivu ni kitu alichopewa bila kukiomba. Kwa wivu wa mapenzi husema pia "me puse celoso". Neno kwa neno, "nilijiweka mwenye wivu". Nasi tuna njia mbili. Katika "nimeshikwa na wivu", wivu ndio unaotenda. Katika "nimemwonea wivu", mimi ndiye ninayetenda, na yuko mtu ninayemtenda. Tena kumwonea mtu, kwa Kiswahili chetu, ni kumdhulumu pia.

Maandiko yanatuonyesha nafasi iliyopo kati ya hayo mawili. Katika Mwanzo 4, Kaini amekunja uso kwa hasira, na Mungu anasema naye kabla hajamgusa Habili. Anamwonya kwamba dhambi iko mlangoni na kwamba inampasa kuishinda. Kaini alikuwa ameshikwa, lakini mlango wa kurudi ulikuwa bado wazi. Sauli naye, katika 1 Samweli 18, alisikia wanawake wakimsifu Daudi kuliko yeye. Hatusomi kwamba aliupeleka uchungu ule kwa Mungu. Alianza kumtazama Daudi kwa jicho baya, na kesho yake akamrushia mkuki.

Kwetu mkuki ni ulimi. Mtu husema, "Fedha ile si bure, yule ana chuma ulete." Neno hilo likishatoka halirudi. Jirani aliyeamka alfajiri kupuliza salfa kwenye mikorosho yake hujikuta anaitwa mchawi, na watoto wake wanaepukwa.

Mwingine atauliza: kumpongeza jirani huku moyo unachoma si unafiki? Hapana. Mnafiki husifu ili afiche ubaya aliokwisha kuupanga. Anayepongeza huku akipigana na moyo wake anatii kabla hajajisikia kutii. Paulo, katika Warumi 12, anatuagiza tufurahi pamoja na wanaofurahi, wala hasemi tungoje mpaka mioyo iwe tayari.

Basi, mpendwa, wivu ukikushika, utaje kwa jina lake mbele za Mungu ungali umeshikwa, kabla hujamwonea mtu. Kisha nenda kwa jirani yako, umpe mkono, umuulize alianza kupuliza salfa lini.