Mjane Mwenye Deni

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo. Aliyekuwa amekopa mtaji alibaki na deni pasipo bidhaa. Naye mwenye deni hulificha, hata ugomvi ukaingia nyumbani mwake. Mtazameni mjane wa 2 Wafalme 4: mdai alikuja kuwatwaa wanawe wawili, lakini hakunyamaza. Alimlilia Elisha, akaazima vyombo kwa majirani, akamimina mafuta pamoja na wanawe, akalipa kwanza deni. Basi, ndugu, mwambie mumeo au mkeo. Waambie wazee wa usharika. Nasi majirani tusimnyime vyombo. Ee Bwana, fungua vinywa vyetu, uziponye nyumba zetu. Amin.