Omba ruhusa mgeni akiwa hai

Ukishika barabara kuu ya Mwanza kutoka huku kwetu Kabasa, Bunda, haupiti muda mrefu kabla ya kufika Ndabaka, lango la magharibi la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Nyumba nyingi za Bunda zina mtu wao huko ndani. Kuna wapishi, wahudumu wa vyumba, madereva wa watalii, mafundi wa jenereta na walinzi wa usiku. Mishahara yao imejenga, imesomesha, imetibu. Ninawaheshimu sana watu hawa, na ndiyo maana jambo hili linaniuma: wanaopokea wageni wa dunia nzima kwa tabasamu na taulo safi ndio wanaoshindwa kumpokea shangazi yao.

Tatizo linaanzia kwenye kalenda. Nyumbu hufika ukanda wa magharibi, upande wa mto Grumeti, kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, kisha hupanda kaskazini kuvuka mto Mara, na huko huonekana hadi Oktoba. Hiyo ndiyo miezi ambayo kambi za watalii hujaa. Lakini Juni shule nazo hufunga, na watoto wa Mwanza na Dar es Salaam hupandishwa basi kuja kuwaona babu na bibi. Ikifika Desemba ni vilevile: watalii wa Krismasi wanaingia, na watu wa mkoa wa Mara waliotawanyika nchi nzima wanarudi nyumbani. Kila ndugu anapokuwa njiani kuja, mwenyeji anakuwa njiani kwenda kazini.

Likizo huja Aprili, wakati wa masika. Barabara za hifadhini zinateleza, kambi kadhaa hufungwa, na wafanyakazi hurudishwa nyumbani. Wanakuta ndugu wote wako shambani wanapalilia, hakuna mwenye nafasi ya kutembeleana.

Mama yetu mkubwa alikuja mwezi wa saba, akitokea Ukerewe. Alivuka kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, akapanda gari mpaka Bunda, akafika nyumbani jua linazama. Alikuwa na kapu la dagaa aliowachagua mwenyewe, wakavu, wasio na chembe ya mchanga. Hawakuwa wangu. Walikuwa wa mdogo wangu wa kiume, ambaye mama mkubwa alimlea tangu hajajua kufunga vifungo vya shati, na ambaye sasa ni msaidizi wa jikoni katika kambi moja huko ndani ya hifadhi. Simu yake iliingia usiku, baada ya sufuria za chakula cha jioni kuoshwa, mtandao unakatika na kurudi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Unakuja lini?”

Kimya kilikuwa kirefu mpaka mama mkubwa akadhani simu imekatika tena. Kisha akasema mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi, “Basi, kazi ni kazi. Dagaa nitamwachia dada yako.” Jumapili akapanda gari la Kisorya, akaenda zake.

Baadaye nilimuuliza mdogo wangu kama aliomba ruhusa akanyimwa. Hakuwa ameomba. “Dada, ningemwambia nini meneja? Kwamba mama mkubwa amekuja kutembea? Hajafa mtu.”

Jibu hilo limekaa nami. Hajafa mtu. Tumefika mahali ambapo kifo ndicho sababu pekee tunayoiona kuwa na uzito wa kutosha kuwekwa mezani kwa bosi. Sheria nayo imeelekea huko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto akiugua au akifariki, au akifariki mume, mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Soma orodha hiyo vizuri. Mama mkubwa hayumo. Aliyekulea hayumo hata akiwa kaburini, sembuse akiwa hai, ameketi sebuleni na kapu lake.

Ila sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo. Ni kweli mwajiri anayo mamlaka ya kusema lini ichukuliwe. Lakini meneja anapanga kwa anachokijua. Anajua idadi ya vyumba vilivyojaa na idadi ya mikono jikoni. Hamjui mama yako mkubwa, wala hajui kwamba amekuwa akipanga safari hiyo tangu mavuno ya mwaka jana. Usipomwambia, atakuweka Aprili pamoja na wenzako, na hatakuwa amekuonea.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alikumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu msingi wa Ujamaa. Alitaka kuonyesha kwamba zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, hata mgeni. Mimi naona na jambo lingine ndani ya methali hiyo. Jembe liliweza kutolewa kwa sababu shamba lilikuwa palepale, nyuma ya nyumba. Mwenyeji hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Kazi na ugeni vilikutana kwenye tuta la mihogo, na mambo yote mazito ya ukoo yalizungumzwa migongo ikiwa imeinama: nani anataka kuoa kwa nani, deni la ng’ombe limefikia wapi, mpaka wa shamba la marehemu unapita wapi. Leo kazi ya mdogo wangu iko nyuma ya lango lenye askari na kiingilio. Mama mkubwa hawezi kupewa sufuria aoshe huku wakizungumza. Njia iliyobaki ya kukutana ni mfanyakazi kutoka nje, na hatoki bila kuomba.

Najua kwa nini watu hawaombi. Wengi bado wanaukumbuka mwaka 2020. Mwaka uliotangulia Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5; korona ilipoingia, idadi ikashuka hadi takriban 620,000. Kambi zilinyamaza, watu wakarudishwa vijijini bila kujua wataitwa lini, na wengine hawakuitwa tena. Aliyepitia hayo anapopata kazi huishika kwa mikono miwili. Hataki jina lake lionekane kwenye barua ya aina yoyote wakati wa msimu. Hofu hiyo siicheki hata kidogo. Na siwalaumu mameneja pia, maana kambi iliyojaa haiwezi kuachia wapishi wawili kwa siku moja, na gari la kumtoa mtu Kogatende, kaskazini kabisa mwa hifadhi, hadi Bunda haliondoki kila asubuhi. Sheria inataka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, lakini kwa mtu aliye huko saa hizo zinaweza kuishia barabarani.

Ndiyo maana nasema ruhusa ya mgeni iombwe mapema, ratiba ya zamu ikiwa bado ni rasimu, na mwombaji aje na jina la mwenzake aliyekubali kubadilishana naye. Na iombwe kwa ukweli. Tuna desturi ya kuandika “matatizo ya kifamilia” kwenye kila barua, hata pale ambapo familia haina tatizo bali ina furaha. Wengine huenda mbali zaidi, wakamwua bibi ambaye yuko hai anapepeta mtama. Siku bibi anapofariki kweli, meneja anafungua jalada na kukuta alishazikwa. Mfanyakazi anayesema waziwazi, “Anakuja mama aliyenilea, naomba siku mbili, fulani atashika zamu yangu,” anaweza kukataliwa. Lakini mwakani atakapoomba tena, atasikilizwa kama mtu wa kweli.

Nasi tulio nyumbani tuna sehemu yetu. Kufika bila taarifa lilikuwa jambo la kawaida wakati kila mtu alikuwa na jembe lake na siku yake. Kwa ndugu mwenye zamu, kumtokea ghafla ni kumtwisha aibu ambayo hakuitafuta. Simu ya wiki chache kabla inatosha.

Mdogo wangu amekwishazungumza na mama mkubwa kuhusu Desemba hii. Wewe uliye kambini na unasoma haya, mpigie anayetaka kuja kwako, muulize tarehe, kisha andika barua yako kabla ratiba haijabandikwa ukutani. Sehemu ya sababu, andika jina lake.