Mpenzi wa Bendi na Mfuasi wa Bwana

Somo: 1 Wakorintho 1:10–17 na 3:4–9



Sisi watu wa Lingeka hatuhitaji kufundishwa ushabiki. Tumezaliwa katika nchi ya Bagika na Bagalu. Wazee wetu walitusimulia habari za Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma wa karne ya 19, na jinsi walivyoshindana. Mavuno yakiisha, ngoma mbili husimama katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji ndio waamuzi, na upande wanaoukimbilia ndio ulioshinda. Basi wako watu wa kukimbia, leo kwa manju huyu, kesho kwa manju yule. Lakini wako pia wasiokimbia. Mtu ni Mgika, na atazeeka akiwa Mgika, hata siku ile uwanja wote unapohamia upande wa pili.

Redio ilipoingia vijijini, moyo huo huo ulihamia kwenye bendi za dansi. Kwa miaka mingi tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na mwenye betri nzima hakukosa wageni jioni. Wengi wetu hatukuwahi kukanyaga ukumbi wa dansi wa Dar es Salaam, lakini tulizijua sauti za waimbaji kama za ndugu zetu. Tukagawanyika, huyu Msondo, yule Sikinde. Watu hawa hawakujiita wasikilizaji. Walijiita wapenzi. Wala hatulitaji jambo hili ili kuwalaumu. Cosmas Chidumule, aliyeimba katika Sikinde, baadaye aliitumia sauti ile ile kuimba Injili.

Tuitazame Msondo. Ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na mwishowe Msondo Ngoma. Waimbaji nao waliingia na kutoka. Mwaka 1978 Mzee Muhidin Gurumo, mmoja wa waanzilishi, aliondoka akajiunga na Mlimani Park, bendi mpya ambayo watu wakaiita Sikinde. Mwaka 1985 akahamia Safari Sound. Miaka ikapita, akarudi Msondo. Alifariki tarehe 13 Aprili 2014, akiwa amewaimbia Watanzania kwa miaka mingi.

Sasa tujiulize. Mpenzi wa Msondo alipaswa kufanya nini ule mwaka 1978, sauti aliyoizoea ilipoondoka? Aliyempenda Gurumo peke yake alikuwa na sababu ya kumfuata. Aliyeupenda muziki wenyewe alikuwa na sababu ya kubaki, na kuwapigia makofi vijana waliosimama mahali pake. Jina lilibadilika, sauti zikabadilika, na bado bendi haikufa, kwa sababu walikuwapo waliobaki.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa ugonjwa wa namna hii. Mmoja alijiita wa Paulo, mwingine wa Apolo, mwingine wa Kefa. Paulo hakuwaambia kwamba Apolo ni mhubiri mbaya. Wala hakufurahi kwamba wako waliomchagua yeye. Aliwauliza kama ni Paulo aliyesulibiwa kwa ajili yao. Kisha akawapa mfano ambao sisi wakulima tunauelewa upesi: mmoja hupanda, mwingine hutia maji, lakini anayeotesha ni Mungu.

Wapendwa, tuseme wazi lililo kati yetu. Tangu mchungaji wetu wa zamani alipohamishwa, viti vimekuwa vingi kuliko watu. Wengine husema huyu wa sasa hana sauti, mahubiri yake hayachemki. Wengine huenda kusali mtaa wa jirani, na wengine hubaki nyumbani wakisubiri kusikia kama atarudi yule waliyemzoea. Kwaya imegawanyika pande mbili, na upande mmoja ukiimba, mwingine hutoka nje. Je, mpenzi wa bendi aliyevumilia majina manne atushinde sisi, ambao tulibatizwa kwa Jina moja lisilobadilika?

Lakini tusiishie kwenye kuwasifu wapenzi wa bendi. Mpenzi hulipa kiingilio, hucheza, na usiku hurudi kwake. Hakuna anayemtaka ashike gitaa mpigaji asipofika. Kwa Bwana haiko hivyo. Yeye hakuita watazamaji, aliita wafuasi, na kila mfuasi ana kazi. Mchungaji akihamishwa, mjane bado anahitaji kutembelewa, mgonjwa bado anahitaji kuombewa, na watoto wa Kipaimara bado wanahitaji kufundishwa. Mzee wa kanisa anayesema, "Tungoje tuone huyu mpya ataweza nini," amekwisha kujiweka kando ya uwanja pamoja na watazamaji.

Tena, bendi hupita. Sauti za zamani tulizozipenda, nyingi sasa tunazisikia kwenye kanda tu, na wenyewe wamelala. Wachungaji nao hupita. Katika Waebrania 13:7–8 tunaagizwa kuwakumbuka waliotuongoza na kuiga imani yao, na mara baada ya hayo tunaambiwa kwamba Yesu Kristo ni yule yule siku zote. Basi kumkumbuka mchungaji aliyetulea ni wajibu wetu. Ila heshima iliyo kubwa kwake ni kuonekana tumesimama pale alipotuacha, kwa kuwa hakutufundisha kumfuata yeye.

Kwa hiyo tunaombana jambo moja. Juma hili, kila mmoja wetu aende nyumba moja ya ndugu aliyeacha kuja ibadani. Asiende kubishana juu ya wahubiri. Amsalimie, aulize habari za watoto na za shamba, kisha amwambie kwamba kiti chake kipo.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliye mwaminifu, utufundishe kukupenda wewe kuliko sauti za watumishi wako. Uwabariki waliopanda kati yetu, umtie nguvu anayetia maji sasa, na utukusanye tena tuwe kundi moja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.