Ramadhani, Siku ya 22: Punguzo la asilimia 20



Ndugu zangu katika imani, jana baada ya tarawehe kijana mmoja mwenye duka la nguo hapa Bariadi alinifuata. "Sheikh, nikipandisha bei kwanza, halafu nikatangaza punguzo la Idi, kuna tatizo? Mbona wengi wanafanya." Nikamwambia alete kalamu.

Na wewe chukua yako. Kanzu ya mtoto umeinunua Mwanza, na pamoja na nauli ya mzigo mpaka dukani imekugharimu sh. 20,000. Mwezi wa Shaabani uliiuza 24,000. Faida 4,000, gawanya kwa 20,000, zidisha kwa 100: asilimia 20. Halali yako, kula na wanao. Sasa kumi la mwisho limeingia, unaandika 30,000, unaikata kwa kalamu nyekundu, pembeni unaandika PUNGUZO 20%. Asilimia 20 ya 30,000 ni 6,000. Mteja analipa 24,000. Si ile ile ya Shaabani?

Kijana akanijibu, "Lakini sheikh, sijamzidishia hata shilingi." Kweli, hujamzidishia. Ila yule mama alikuja na hela ya kanzu moja. Kaona anaokoa 6,000 kwa kila moja na kesho hazipo, kachukua mbili, na hela ya unga wa futari imebaki kwako. Angejua ukweli, angechukua moja.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikakuta maji chini. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Sisi wa Simiyu tumelima pamba, tunajua uchungu wa mizani iliyochezewa. Bei nayo huchezewa.

Tusichanganye mambo: kupandisha bei peke yake siyo haramu. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume awapangie, akakataa. Ukitaka 26,000 andika 26,000. Atakayeweza atanunua.

Hatari zaidi ni pale unapomwambia mteja, "Nimenunua 20,000, niongezee asilimia kumi tu." Hiyo kwenye fiqhi ni murabaha, na mteja amesimama juu ya neno lako. Kama gharama yako ilikuwa 17,000 na anakupa 22,000, umekula 5,000, karibu asilimia 29. Ile kumi iko mdomoni tu.

(Wale wanaodhani ukipandisha asilimia 20 na kushusha 20 unarudi pale pale: 24,000 inakwenda 28,800, kisha inashuka mpaka 23,040. Nimelifundisha hili darasani miaka mingi, na bado watu wazima wananibishia.)

Mwisho nikamuuliza kijana kuhusu zakat, maana mwaka wake unatimia mwezi huu na mali imefika nisabu. Bidhaa huhesabiwa kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo, asilimia 2.5. Kanzu 100 za 24,000 ni 2,400,000, zakat yake 60,000. Kwa 30,000 ingekuwa 75,000. "Utaandika bei gani?"

Akacheka, akainamisha kichwa. "24,000, sheikh."

Kesho in shaa Allah tutazungumzia zakatul-fitri. Wabillahi tawfiq.