Mgomba Ukikatwa, Nini Kimekufa?

Wanaojitolea kuongoza wageni katika bustani za mimea hufundishwa mambo machache ya msingi kuhusu mgomba, na mojawapo ni kwamba mgomba si mti, na kwamba huzaa mara moja kisha hufa. Nusu ya kwanza haina ubishi. Kata shina kwa panga uone: ala za majani zimekumbatiana duara ndani ya duara, zimejaa vijumba vya hewa na utomvu ambao ukishaingia kwenye kanzu hautoki tena. Hakuna mbao humo. Shina halisi ni lile tunguu lililofukiwa udongoni, ambalo wakati wa kuzaa ukifika hupenyeza ua katikati ya ala hizo hadi juu. Nusu ya pili ndiyo yenye utata, kwa kuwa inadai kujua jambo lililowasumbua wanafalsafa tangu enzi za Aristotle: kiumbe kimoja ni kipi, na hufa lini?

Tazama shambani. Mkulima wa Bukoba akishavuna mkungu huliangusha na shina lililouzaa, lakini pembeni tayari limesimama chipukizi kubwa, na jingine dogo linachungulia. Mabwana shamba humshauri abakize vizazi vitatu: mama, mtoto na mjukuu. Ukoo huo umeungana chini ya ardhi, mkubwa akimlisha mdogo. Mtoto hakutokana na mbegu, maana ndizi tunazokula hazina mbegu za kuota. Migomba yetu imesambazwa kwa mikono ya watu, chipukizi baada ya chipukizi, tangu ilipoanza kulimwa kusini-mashariki mwa Asia maelfu ya miaka iliyopita. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu nafsi, alibaini kwamba kuna mimea ambayo ikikatwa vipande huendelea kuishi, akaona kuwa nafsi ya mmea ni moja kwa hali ilivyo lakini ina uwezo wa kuwa nyingi. Mengi aliyoyasema kuhusu viumbe yamepitwa na wakati, hili bado. Umoja wa mmea haukufungwa tangu kuzaliwa kama ulivyo umoja wa mbuzi. Unadumu maadamu sehemu zake zinalishana, na hukoma zikitenganishwa. Kwa hiyo mama, mtoto na mjukuu ni mgomba mmoja hadi jembe lipite kati yao, na mwongozaji anayetaka kusema kweli aseme kwamba shina ndilo linalozaa mara moja likafa.

Atatokea msomi wa biolojia atakayesema kwamba chembe za urithi ndizo hoja: migomba yote ya aina moja, popote ilipo, ni kiumbe kimoja kilichotawanyika. Lakini pacha wa kufanana akifariki, hakuna anayesema nusu ya mtu imekufa. Isitoshe, urithi wenyewe hautulii. Mabadiliko madogo hujitokeza kwenye machipukizi, na mkulima makini huyaona na kuyatunza. Kutoka asili moja si kuishi uhai mmoja. Mwenye dini naye atauliza: je, Muumba hakuhesabu kila chenye uhai? Basi idadi ipo, hata kama sisi hatuijui. Nakubali kwamba kutojua kwetu hakufuti kilichopo. Lakini kuamini kwamba Mungu anaujua mgomba ni kuamini kwamba anaujua ulivyo, yaani kitu kinachoweza kuwa kimoja leo na vitatu kesho pasipo chochote kufa. Sisi ndio tunaoulazimisha uwe na nafsi ya kuhesabika kama ya mnyama, halafu tunaliita jambo hilo imani.

Pingamizi zito ni jingine: kama ni hivyo, kifo cha mmea ni maneno tu. Hapana, na ushahidi ni ugonjwa wa Panama, ambao wengine huuita mnyauko fusari. Kuvu wake hujificha udongoni kwa miaka mingi, huingia kupitia mizizi na kuziba mishipa ya maji. Majani ya chini hugeuka manjano, hunyauka na kuning'inia shinani. Tunguu likipasuliwa huonekana limebadilika rangi ndani. Ugonjwa huu ulifagia mashamba ya ndizi za Gros Michel huko Amerika ya Kati katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Cavendish ikachukua nafasi yake, na mwaka 2013 aina ya kuvu inayoiua Cavendish yenyewe ilithibitishwa Msumbiji. Hapo pana kifo kamili, kwa kuwa hakuna tena sehemu inayoweza kuilisha nyingine. Ndiyo maana haimsaidii mkulima kukata mama na kubakiza mtoto shamba likishaambukizwa: mbele yake yuko mgonjwa mmoja tu.