Haki ya Njia na Maji ya Mvua

Ndugu yetu mmoja afanyaye biashara Kericho ametuuliza: mwenye shamba lililo kando ya barabara ya murami akiuziba mtaro ili apate pa kuingizia gari lake, kisha maji yakaikata barabara au yakamwagikia shamba la jirani, je, ana dhambi, au hilo ni jambo la serikali tu?

Msomaji wa Mombasa asidhani kuwa hili halimhusu. Chai ya Kericho na Bomet huletwa mnadani hapa kwetu, na jani bichi lisipofika kiwandani siku ile ile huharibika. Lori likizama topeni, kazi ya mchumaji ya siku nzima imepotea. Na mvua ya huko si ya msimu kama yetu. Hunyesha karibu mwaka mzima, ikakaribia milimita 2,000.

Barabara ile hufanywa mgongo katikati ili maji yateremke pande mbili, yaingie mitaroni. Zibwa mtaro mahali pamoja tu, maji hupanda barabarani yakachimba, na baada ya mvua chache pamekuwa korongo. Basi aliyejaza udongo hatua tano mbele ya mlango wake amewafungia njia watu wa maili nzima, na pengine yumo katika safu ya kwanza msikitini.

Kweli serikali ina sehemu yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka ya barabara za mashambani, na tangu 2013 kaunti nazo zina zao. Lakini mtaro ni wa njia, si wa shamba. Mtume (S.A.W.) aliihukumia njia dhiraa saba watu wanapokhitalifiana, akaonya vikali juu ya mwenye kudhulumu ardhi japo shibiri.

Tazameni milizamu ya nyumba zetu za Mji wa Kale. Katika madhhabu ya Shafii mtu ana ruhusa kuutoa mlizamu kwenye njia ya umma, madhali haudhuru wapitao. Na juu ya ruhusa hiyo, ukiharibu kitu ana dhamana. Kivuko cha shamba twakikisia na huo. Ruhusa ya kupita haikuondoi katika kulipa.

Ama yule asiyeziba, ila taka na udongo vimejaa mbele ya shamba lake naye avitazama, huyo hatumwambii alipe. Lakini kuondoa udhia njiani ni katika tanzu za imani, na kuzibua mitaro ya kijiji twaihisabu fardhi kifaya: wakiiacha wote, wote wana dhambi. Serikali iliyochelewa ina kosa lake, nao wana lao.

Lagumu zaidi ni la jirani wa chini. Mtume alimhukumia Zubeir, aliyekuwa juu, anyweshe mitende yake kisha ayaachie maji yende kwa mwenziwe. Huko maji yaligombewa, Bomet yakimbiwa. Twaona wa chini ayapokee yateremkayo kwa maumbile ya mlima, wala asiyazuie kwa boma la udongo. Lakini hayamlazimu yaliyogeuzwa na jembe la wa juu.

Atakaye kivuko naatie chini yake bomba la saruji lisilo jembamba kuliko mtaro, alizibue kabla ya mvua za Machi. Gharama ni yake, jirani asichangishwe. Na michai iliyokwisha kung'olewa na maji yale ailipe kwa thamani ya siku ilipoharibika.