Kura Sita, Hasira kwa Mtu Mmoja

Vijana wengi wa Kenya waliompigia William Ruto kura Agosti 2022 leo hawataki hata kusikia jina lake, na wanaowasuta kwamba walidanganyika kirahisi wanawakosea. Walichoahidiwa katika kampeni zile kilitokana na maisha yao wenyewe. Mgombea alisimulia alivyouza kuku kando ya barabara, chama chake kikachukua wilbaro kuwa nembo, na kwenye kila jukwaa ikasemwa kwamba uchumi ungeinuliwa kuanzia kwa mama mboga na mwanabodaboda. Kijana aliyezoea kuhesabiwa kwa kabila lake alisikia, pengine kwa mara ya kwanza, siasa inayomuuliza anapataje riziki. Ruto alipata kura 7,176,141 naye Raila Odinga 6,942,930. Kwa pengo dogo kiasi hicho, hakuna kundi lililomwamini ambalo haliwezi kusema lilimpa ushindi. Kuamini ahadi inayogusa chakula chako si ujinga, na makala hii haitawalaumu kwa hilo.

Kilichofuata kinajulikana, ila inafaa kukitazama kwa karibu, maana moyo haukuvunjika siku moja. Wiki ileile ya kuapishwa, Septemba 2022, ruzuku ya petroli iliondolewa, na lita moja jijini Nairobi ikafika shilingi 179.30. Mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ikapandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, na kufikia Septemba bei ya lita ilikuwa imevuka shilingi 200. Mwanabodaboda hununua mafuta ya shilingi mia au mia mbili kwa wakati mmoja. Akipandisha nauli, abiria anaamua kutembea. Asipopandisha, jioni hana cha kumpelekea mwenye pikipiki, na nyumbani anarudi mikono mitupu. Hazina ya Hasla, ya kuwakopesha watafuta riziki na iliyozinduliwa Novemba 2022, ilianza na mikopo ya kuanzia shilingi 500 ya kulipwa ndani ya siku 14, na wengi walipata kiasi kisichotosha kununua hata kreti moja ya nyanya. Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, ukipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na nyongeza ya ushuru wa kutuma pesa kwa simu. Kufikia hapo Ruto, aliyejiita hasla kwenye kampeni, alikuwa ameshapewa jina jingine mitaani: Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia.

Hata hivyo, kuna jambo moja la tarehe 25 Juni 2024 ambalo halizungumzwi inavyostahili. Muda mfupi kabla waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha hawajaingia katika majengo ya Bunge, wabunge 195 walikuwa wameupigia mswada ule kura ya ndiyo, huku 106 wakiukataa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Waliokuwa wameukubali ni wale 195, na kila mmoja wao ana jina, ana eneobunge, na ana watu waliomtuma. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya msimu ule, wengi wao vijana, na damu hiyo inadai majibu kwa kila aliyekuwa na mamlaka. Lakini neno lililobaki vinywani ni Wantam, muhula mmoja tu, kwa mtu mmoja tu. Mkenya anapoingia katika kituo cha kupigia kura hupewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya mwakilishi wadi. Mwaka 2022 karatasi moja kati ya hizo ilibeba matumaini yote. Ninachohofia ni kwamba mwaka 2027 karatasi hiyohiyo itabeba ghadhabu yote, na zile tano zitajazwa kama zilivyojazwa zamani, kwa kufuata nembo ya chama kutoka juu hadi chini au kwa kumfuata aliyegawa kofia na noti siku ya mwisho.

Watetezi wa serikali watasema kwamba Rais alirithi madeni, na kwamba vijana hawana subira. Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, mkopo wa Eurobondi wa dola bilioni 2 ulikuwa unaiva mwezi Juni, na wengi duniani walitilia shaka kama Kenya ingeulipa. Ulilipwa, na shilingi ikarudi hadi karibu 130 kwa dola. Haki itendeke: hiyo ni kazi iliyofanyika. Lakini Ruto alikuwa naibu rais tangu 2013, madeni hayo yakikopwa, kwa hiyo aliyeahidi nafuu alizijua hesabu za nyumba kabla ya kuahidi. Na hata tukikubali kwamba ushuru ulikuwa hauepukiki, bado kuna swali la nani alipaswa kuubeba na matumizi gani ya serikali yalipaswa kukatwa kwanza. Hilo ni swali la bajeti, na Katiba ya 2010 imeliweka mikononi mwa Bunge la Kitaifa. Subira haiwezi kumjibu kijana swali ambalo mbunge wake hakuliuliza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa vijana wenyewe. Wanasema wabunge ni vibaraka tu. Ukimbana mbunge unapoteza wakati, maana kamba inashikwa Ikulu. Ningekubali kama kura zote zingekuwa za ndiyo. Wale 106 ni ushahidi kwamba kukataa kuliwezekana. Mbunge hugeuka kibaraka kwa urahisi pale anapojua kwamba hasira ya nyumbani itampita juu ya kichwa ikielekea Nairobi. Desemba 2024 lilidhihirika hilo: miezi michache tu baada ya mazishi, Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya ushuru iliyorudisha baadhi ya mapendekezo yaliyokuwa yametupwa mwezi Juni, na wengi wa walioipitisha hawakuulizwa lolote katika maeneo yao. Ibara ya 104 ya Katiba inampa mpiga kura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani, lakini vifungu vya sheria vilivyotungwa kuitekeleza vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, na kazi ya kutunga vingine ni ya wabunge walewale. Bila msukumo wa wapiga kura, sioni kwa nini wajisumbue kuimaliza.

Wapo pia waliokwisha kuamua kutopiga kura kabisa, na siwezi kuwacheka. Walimwona Rais akivunja baraza la mawaziri Julai 2024, kisha baadhi ya mawaziri wakarejea. Walimwona John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha ODM kilichokuwa upinzani, akikabidhiwa Wizara ya Fedha. Mtu aliyeona hayo ana sababu ya kuamini kwamba aliye nje leo anangoja tu kuitwa mezani. Kwangu, ushahidi huo unaonyesha hatari ya kumtwika mtu mmoja, awe Rais au mpinzani, imani yote ya kizazi. Kutopiga kura nako kuna gharama: mwaka 2022 vijana walikuwa chini ya asilimia 40 ya wapiga kura katika daftari, na idadi yao ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na 2017. Kati ya watu milioni 22.1 waliojiandikisha, takriban milioni 8 hawakufika debeni. Mshindi alimzidi mwenzake kwa kura 233,000 hivi.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilirejesha uandikishaji wa wapiga kura mwishoni mwa Septemba 2025, na Kenya ina wadi 1,450, baadhi zikiwa na ushindani unaoamuliwa kwa kura mia chache. Kundi la vijana wa soko moja, au wa steji chache za bodaboda, linaweza kumsimamisha mwenzao kama mgombea huru, likatembea nyumba kwa nyumba bila helikopta, na likashinda. Mwaka 2024 vijana wa kizazi hiki waliusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu. Rekodi ya jinsi kila mbunge alivyopiga kura siku ile inaweza kusomwa hivyohivyo, wadi kwa wadi, na aliyesema ndiyo akaulizwa sababu mbele ya watu wake kabla hajapanda jukwaa la mtu yeyote.